Kazi za Bustani Mwanzoni mwa Majira ya Kuchipua: Ushuhuda wa Mtawa Mmoja wa Karne ya Tisa

Mwalimu afundishaye habari za nchi za Ulaya hukwama mara kwa mara afikapo kwenye majira manne ya mwaka wao. Wakati wa baridi hueleweka, kwa kuwa hata kwetu kuna kipupwe, na watu wa milimani huijua baridi kuliko watu wa pwani. Wakati wa joto hauna fumbo. Wakati wa mavuno nao una mfano wake. Lakini yale majira yaliyo kati ya baridi na joto hayana jina lililo letu. Tunayo masika na vuli, kusi na kaskazi, kipupwe na demani. Majina haya yatokana na mvua na pepo na hali ya hewa yetu, wala hakuna hata moja litajalo habari za miti ya nchi nzima kusimama mitupu kwa miezi, kisha kurudi kuvaa majani. Basi twasema "majira ya kuchipua", jina lililofasiriwa, na mwanafunzi hulikariri pasipo kuona kitu.

Sisi tumeona kwamba jina hili hueleweka upesi zaidi likielezwa kwa kazi kuliko likielezwa kwa hali ya hewa. Mwanafunzi asiyeweza kuiwaza theluji aweza kuliwaza jembe. Tukimwuliza, "Mtu wa huko, siku zile za kwanza baridi ilipolegea, alitoka mlangoni pake akafanya nini?", hapo ndipo majira yapatapo sura. Na kwa bahati njema yuko shahidi wa zamani sana aliyelijibu swali hilo kwa kirefu, naye hakuwa mkulima wa kawaida, bali mwalimu na mtu wa vitabu, kama walivyo wengi wa wasomaji wetu. Jina lake ni Walahfrid, naye aliishi katika karne ya tisa. Twapenda kuzieleza kazi zake za bustani moja baada ya moja, na mwishowe kusema neno juu ya jembe katika shule zetu wenyewe.

Kwanza tuyatazame maneno. Wajerumani wa kale waliyaita majira haya kwa neno ambalo leo ni Lenz, na Waingereza wa kale walikuwa na neno la ukoo uo huo. Wataalamu wa lugha hulihusisha neno hilo na kurefuka, yaani kurefuka kwa mchana. Karibu na ziwa la Bodensee, alikoishi Walahfrid, mchana wa mwisho wa Desemba hupata saa nane na nusu hivi tu. Lakini karibu na tarehe 21 Machi mchana na usiku hulingana, na tangu hapo mchana huzidi kuushinda usiku. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, ndiyo maana jambo hili halikuingia katika majina ya majira yetu. Einhard, aliyeandika maisha ya Mfalme Charlemagne, asema kwamba mfalme huyo aliipa miezi yote kumi na miwili majina ya Kijerumani, na Machi akauita mwezi wa Lenz. Katika Kiingereza neno lile liliacha kuwa jina la majira, likabaki kuwa jina la mfungo, Lent, kwa kuwa mfungo huangukia siku zizo hizo. Sisi mfungo huo twauita Kwaresima, neno lenye asili ya Kilatini, na maana yake ni ya arobaini. Basi jina la Kiingereza lakumbusha mchana unaorefuka, na jina letu lakumbusha hesabu ya siku. Lakini kwa watu wa karne ya tisa majira na mfungo vilikuwa karibu kitu kimoja, nasi tutaona sababu.

Sababu ni ghala. Katika nchi za baridi maji yaliyomo udongoni huganda yakawa barafu. Jembe haliingii, wala mbegu haimei. Tangu Novemba hata Februari, na pengine hata Machi, mtu alikula kile alichokiweka: nafaka, jamii ya kunde, vitunguu, mizizi, na matunda yaliyokaushwa. Hapakuwa na mvua za vuli za kumwokoa mtu aliyekosa mavuno ya masika. Walahfrid mwenyewe aufananisha wakati wa baridi na tumbo la mwaka, lenye kumeza pasipo huruma taabu yote ya watu. Hata jua liliporudi na ndege wakaanza kuimba, kapu lilikuwa limekaribia kuonyesha kitako chake, na nafaka mpya ilikuwa bado miezi mingi. Kwa hiyo tusidanganywe na picha za maua zilizomo vitabuni. Mwanzo wa majira ya kuchipua ulikuwa wakati mzuri kwa macho na mgumu kwa tumbo. Watu wa kwetu waujuao ule muda kati ya kupanda na kuvuna, akiba imekwisha na mahindi yangali machanga, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa watawa jambo hili lilikuwa na uzito wake. Nyumba za watawa katika milki ile zilitakiwa kuifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, hasa baada ya mabaraza yaliyokutana Aachen miaka ya 816 na 817. Kanuni hiyo, iliyoandikwa katika karne ya sita, yakataza nyama ya wanyama wenye miguu minne, isipokuwa kwa wagonjwa waliodhoofika sana. Yaruhusu vyakula viwili vilivyopikwa, na cha tatu kiwe matunda au mboga changa, kama zapatikana. Siku za Kwaresima mlo ni mmoja tu, nao ni wa jioni. Basi, mboga changa ilikuwa ndiyo nyongeza pekee katika siku zilizokuwa na chakula kidogo kuliko zote. Nayo haikupatikana ila kwa mtu aliyeamka mapema kuishughulikia ardhi. Kwa sababu hiyo Kanuni yaagiza kwamba maji, kinu na bustani viwe ndani ya ukuta wa nyumba. Tena yaagiza kwamba tangu Pasaka hata mwanzo wa Oktoba ndugu wafanye kazi za mikono tangu saa ya kwanza hata karibu na saa ya nne. Hapo msomaji wa Kiswahili ana faida kuliko Mzungu wa leo, maana saa hizo zilihesabiwa kama tunavyohesabu sisi, tangu kucha. Hahitaji kugeuza hesabu ili ajue kwamba walishika jembe asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Walahfrid alizaliwa karibu na mwaka 808 katika nchi ya Swabia, kusini mwa Ujerumani ya leo, katika jamaa isiyo na mali. Watu walimpa jina la Strabo, maana yake mwenye makengeza, naye hakulikataa, bali alilitumia mwenyewe katika maandishi yake. Alilelewa katika nyumba ya watawa ya Reichenau, iliyoanzishwa mwaka 724 juu ya kisiwa katika ziwa la Bodensee. Kisha akapelekwa Fulda kusoma kwa Hrabanus Maurus, mwalimu mashuhuri kuliko wote katika nchi zile. Mwaka 829 aliitwa kwenye nyumba ya mfalme Louis, mwana wa Charlemagne, awe mwalimu wa mtoto Charles. Mwaka 838 alifanywa abati wa Reichenau. Louis alipokufa mwaka 840 wana wake walipigana, na Walahfrid akafukuzwa katika nyumba yake, akarudishwa mwaka 842. Mwaka 849 alitumwa kwa yule Charles aliyekuwa mwanafunzi wake, naye akafa maji akivuka mto Loire. Hakuwa amefika miaka hamsini.

Mtu huyu, aliyezoea meza za wafalme, aliandika utenzi wa Kilatini wenye mistari 444 juu ya kilimo cha bustani. Ndani yake ataja mimea 23, na faida ya kila mmoja kwa chakula au kwa dawa. Lakini kabla hajafika kwenye mimea, aeleza kazi ya kutayarisha kiwanja. Na sehemu hiyo ndiyo hazina kwetu, kwa kuwa waandishi wa zamani walipenda kuyasifu maua na kuusahau udongo.

Bustani yake ilikuwa ndogo, katika ua mdogo mbele ya mlango wake, ikielekea mashariki. Baridi ilipokwisha, hakukuta maua hapo. Alikuta viwavi. Hapa yafaa tusimame kidogo kwa ajili ya lugha, maana neno hili lina maana mbili. Kiwavi ni mdudu mwenye manyoya awashaye, naye hula majani. Lakini ni pia jina la mmea wenye majani yawashayo, nao ndio tuliouzoea katika Mithali, katika habari za shamba la mtu mvivu. Wala usichanganywe na upupu, maana upupu hutambaa, na vinywele viwashavyo vi juu ya maganda ya mbegu zake, bali kiwavi cha Ulaya huwasha kwa majani na shina. Mmea huu huvumilia baridi kwa mizizi yake, na joto likirudi hutangulia kuota kabla ya mimea mingine. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya majira ya kuchipua, kwa ushuhuda wa Walahfrid, haikuwa kupanda. Ilikuwa kung'oa kilichokwisha kujipanda chenyewe.

Naye hakufyeka juu juu. Asema kwamba chini ya udongo mizizi ilikuwa imeshikamana na kusukana kama kazi ya msusi, na kwamba aliivamia kwa jembe la meno, akaipasua ardhi iliyolala, akabomoa nyumba za fuko, na nyungunyungu wakatokea kwenye nuru. Mkulima ye yote aliyewahi kupigana na sangari au ndago atajua kwamba mtu huyu hakuandika ya kusikia. Kiwavi kikikatwa shina hurudi; kipande cha mzizi kilichosahauliwa huchipua tena. Na mwanzo wa majira ndio wakati wa kuling'oa gugu la namna hii, udongo ukiwa laini kwa maji ya theluji iliyoyeyuka, na mmea haujapata nguvu.

Kazi ya pili ilikuwa kungoja, nayo ni ngumu kuliko kulima. Udongo uliotoka katika baridi hujaa maji. Ukikanyagwa au kulimwa ungali tope, hushikamana, kisha hukauka ukawa mabonge yasiyovunjika mwaka mzima. Walahfrid aliuacha udongo wake uliopinduliwa uokwe na jua na upepo wa kusini. Kisha alitengeneza matuta yaliyoinuka kidogo juu ya usawa wa ardhi, akayazungushia mbao ili udongo usimomonyoke. Maana ya jambo hili ni nyepesi: tuta lililoinuka hutoa maji upesi, na udongo usio na maji mengi hupata joto upesi, na mahali ambapo siku za joto ni chache, juma moja la kutangulia ni faida kubwa. Ndipo akauvunja udongo kwa reki hata ukawa laini, akatia samadi.

Juu ya samadi abati huyu asema maneno yatupasayo kuyafikiri. Asema kwamba hakuna nchi isiyoweza kuzaa mboga, iwe ya mchanga na mawe au ya udongo mzito, mradi mwenyewe asiwe mvivu, wala asione haya kuchafua mikono yake kwenye jua na upepo, akimwaga samadi kutoka makapuni juu ya ardhi kavu. Neno letu bustani tulilipata kutoka Kiajemi, na asili yake ni mahali pa harufu nzuri. Walahfrid atukumbusha kwamba mahali hapo huanza kwa harufu nyingine.

Kazi ya tatu ilikuwa kupanda. Mimea mingine aliipanda kwa mbegu, na mingine kwa mizizi ya zamani iliyoanza kupata uhai tena. Mvua nyepesi za majira zilimsaidia. Lakini siku za ukavu zilipofuatana aliogopa kwamba vichipukizi vitakufa kwa kiu, akachota maji kwa vyombo na kuyamwaga kidogo kidogo kwa mikono yake, tone kwa tone, ili nguvu ya maji isizihamishe mbegu. Wala bustani yake haikuwa mahali palipo pema. Upande mmoja ulikuwa chini ya paa, mvua isifike. Upande mwingine ulifunikwa na kivuli cha ukuta mrefu, jua lisifike. Hata hivyo asema kwamba ardhi haikukizuia cho chote alichoikabidhi.

Kazi hizi hazikuwa mchezo wa mtu mmoja. Katika maktaba ya St. Gallen, nchini Uswisi, umehifadhiwa mchoro wa nyumba kamili ya watawa, uliochorwa Reichenau juu ya ngozi tano zilizoshonwa pamoja, ukapelekwa kwa Gozbert, aliyekuwa abati wa St. Gallen tangu mwaka 816 hata 837. Mchoro huo waonyesha bustani ya mboga yenye matuta 18, kila moja limeandikwa jina la mmea wake: vitunguu, kitunguu saumu, giligilani, figili, saladi, kabichi na mengineyo. Karibu na nyumba ya mganga iko bustani ya pili, yenye matuta 16 ya mimea ya dawa. Nyumba ya mtunza bustani ina chumba cha kuwekea vyombo vya chuma na mbegu za mboga. Mabanda ya kuku na bata bukini yamechorwa kando ya bustani. Nasi twadhani kila mfugaji ataona faida yake, kwa kuwa samadi haikuwa na safari ndefu.

Kile chumba cha mbegu ndicho kitu kitufundishacho zaidi. Mbegu ya kunde, au ya nafaka, ni chakula. Kuiweka mbali na jiko tangu vuli ya Ulaya hata Machi, watu wakila mara moja kwa siku, kulihitaji mlango na mtu mwenye kuulinda. Na Kanuni ya Benedikto yaagiza kwamba abati awe na orodha ya vyombo vyote, ajue alichokitoa na alichokipokea. Na kwamba mtunza ghala avitazame vyombo vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Basi jembe lilihesabiwa pamoja na vitu vya heshima.

Katika mimea 23 ya Walahfrid imo mingi tuijuayo: figili, nanaa, shamari, pakanga, tikiti, waridi na yungiyungi. Lakini mmoja utampendeza msomaji wetu kuliko yote, nao ni mmumunye. Yale maboga makubwa ya rangi ya manjano ambayo leo huonekana sokoni kila mahali yalitoka Marekani, wala hayakujulikana Ulaya kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kwa hiyo mmea autajao mtawa huyu ni mmumunye wa kale, ule ule utupao vibuyu. Aueleza jinsi unavyopanda juu ya miti iliyosimamishwa, ukijishika kwa mikono yake myembamba. Asema kwamba tunda likiwa changa huliwa, na likiachwa likauke hata likawa gumu, hufanywa chombo cha kuwekea vinywaji. Hatukutarajia kukikuta kibuyu katika ua wa abati wa kisiwa cha Bodensee, lakini kimo.

Twaona ni haki tuseme pia mpaka wa kazi hizi, ili sifa isizidi kweli. Mwaka 850, mwaka mmoja baada ya kufa kwake Walahfrid, njaa kali iliingia nchi za mto Rhine. Tarehe za Fulda, zilizoandikwa na watawa wa karne iyo hiyo, zaeleza kwamba Hrabanus Maurus, yule mwalimu wake, ambaye wakati huo alikuwa askofu mkuu wa Mainz, alikaa katika kijiji cha Winkel, akawalisha maskini zaidi ya mia tatu kila siku, mbali na wale waliokula nyumbani mwake daima. Zaeleza pia habari za mwanamke aliyefika na mtoto wake mchanga, akaanguka mlangoni kabla hajavuka kizingiti, akafa; na mtoto akawa akinyonya titi la mama yake aliyekufa, hata waliomwona wakalia. Nafaka ikikosekana nchi nzima, matuta 18 hayawezi kuijaza nafasi yake. Waswahili husema, achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Methali hii ni ya kweli kwa mtu mmoja katika mwaka wa kawaida, lakini kuna miaka ambayo hata mwenye malengelenge hufa. Wazee wa bustani walilijua jambo hilo. Hawakulima kwa sababu walikuwa na hakika ya kushiba. Walilima kwa sababu waliona matokeo ya kutolima.

Sasa tuseme lile neno letu juu ya shule. Katika shule tuliyosoma sisi, nyuma ya jiko palikuwa na kiwanja cha mboga. Mwanafunzi aliyechelewa alipewa jembe na kuonyeshwa tuta. Aliyeshindwa hesabu alipewa jembe. Bali aliyekariri vizuri aliachwa akae kivulini na kitabu chake. Sisi tulikuwa katika hao waliokaa kivulini, nasi tulijivuna. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ziwe na mashamba na mwanafunzi ajifunze kwa kazi yake. Nasi tulipokuwa walimu tuliyafundisha maneno hayo ubaoni, kisha kesho yake tukampa mtoro jembe. Hatukuona kwamba mkono wetu wa pili ulikuwa ukifuta kile ulichoandika wa kwanza.

Tulikuja kuonywa kwa njia ya aibu ndogo. Tulikuwa na kalenda ya bustani iliyopigwa chapa Ulaya, nayo yasema kwamba mbegu ya saladi hupandwa Machi. Tukapanda Machi, kwa mstari ulionyooka, wanafunzi wakitazama. Mvua ya kwanza ya masika ikashuka kwa kishindo, ikazizoa mbegu zote hata kwenye ua wa michongoma, na saladi yetu ikaota huko, ndani ya miiba. Bibi mmoja mzee, jirani wa shule, alisimama akatazama, akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu mwalimu, mbegu ndogo namna hii haitangulii mvua. Iache nchi ishibe kwanza." Tukamwitikia, "Ndiyo, bibi," kwa kuwa hatukuwa na la kujibu. Siku ya pili akatuonyesha jinsi ya kuinua tuta na kulikinga kandokando kwa vigogo vya migomba. Miaka mingi baadaye, tuliposoma habari za mbao za Walahfrid, na za maji yake yaliyomwagwa kwa mkono tone kwa tone, tulimkumbuka bibi yule. Hakusoma Kilatini, wala Walahfrid hakuona mgomba. Lakini wote wawili walizifahamu mbegu ndogo.

Kalenda ile haikuwa na kosa. Ilisema kweli kwa nchi yake. Kosa lilikuwa letu, tuliodhani kwamba mwezi ndio upandao, kumbe apandaye ni mtu aangaliaye udongo. Na hili ndilo neno ambalo Walahfrid alilitanguliza kabla ya kutaja mmea hata mmoja: kwamba mambo aliyoyaandika hakuyapata kwa maneno ya watu tu, wala kwa kusoma vitabu vya kale tu, ingawa alivisoma vingi, aliyapata kwa kazi, aliyoichagua badala ya siku ndefu za kukaa bure. Mtu aliyefundisha mwana wa mfalme hakuliona jembe kuwa adhabu. Alilihesabu kuwa mwalimu wake wa tatu, baada ya wazee na vitabu.

Kwa hiyo twawashauri ndugu walimu mambo mawili. La kwanza, wakifundisha majira ya kuchipua, waanze na viwavi, na udongo wenye maji, na mbao za matuta, na chumba cha mbegu. Maua yatafuata yenyewe, na mwanafunzi atalifahamu jina lile. La pili, watafute adhabu nyingine. Mtoto aliyepewa jembe kwa kosa atalikumbuka kosa kila alishikapo jembe, na akipata nafasi ya kuliacha hatarudi.

Utenzi ule wamalizika kwa maneno ya kumtolea Grimald zawadi, mzee aliyekuwa abati wa St. Gallen tangu mwaka 841. Walahfrid amwaza akiketi katika ua wake mwenyewe, chini ya miti ya matunda, akiisoma kazi hii ndogo na kuisahihisha; na watoto wa shule yake wakicheza karibu naye, wakimwokotea matunda, wakijaribu kuyashika makubwa kwa viganja vyote viwili. Kisiwani Reichenau mboga hulimwa hata leo, na baridi ikilegea watu huitazama ardhi kwanza kabla ya kuipanda.